Mkwara wa Amin, ukimya wa Nyerere

Katika wiki ya kwanza ya Novemba 1978, marais wawili wa nchi jirani walizungumzia vita vilevile kwa namna ambayo ungedhani kila mmoja ana vita vyake. Idi Amin, ambaye askari wake walikuwa wamevuka mpaka na kutangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera sasa ni ya Uganda, alipendekeza yeye na Julius Nyerere wapande ulingoni wamalizane kwa ngumi. Mwamuzi awe Muhammad Ali, na yeye Amin, bingwa wa zamani wa ndondi wa Uganda, afungwe mkono mmoja ili mwenzake apate nafasi. Nyerere alihutubia taifa tarehe 2 Novemba bila hata chembe ya utani. Alisema Watanzania wana kazi moja tu, nayo ni kumpiga; uwezo wa kumpiga wanao, sababu wanayo, na nia wanayo.

Kauli hizo zimesimuliwa sana, ya kwanza kama kichekesho na ya pili kama ushujaa. Mimi naziona kama dirisha la kutazamia jambo pana zaidi: namna kiongozi anavyoielewa nguvu ya kijeshi inavyoamua ugomvi wa nchi mbili utaishia kwenye maneno, kwenye mpaka, au kwenye mji mkuu wa mmoja wao. Kwa Amin, nguvu ilikuwa mazungumzo ya kila siku. Alitisha, akajisifu, akarudi nyuma, akatisha tena, wala hakuona haya kurudi nyuma, kwa sababu kwake tishio lilikuwa na faida yake hata lisipotekelezwa. Kwa Nyerere nguvu ilikuwa uamuzi wa serikali. Ulichelewa kufikiwa, ila ukishafikiwa ulipewa askari, fedha na lengo. Vita vya Kagera vilizuka pale kila mmoja alipompima mwenzake kwa kipimo chake mwenyewe.

Wasomi wa siasa za kimataifa wana mashaka na maelezo ya aina hii. Kenneth Waltz, Mmarekani aliyeandika kitabu mashuhuri kuhusu chanzo cha vita mwaka 1959, alitenganisha ngazi tatu za kutafutia jibu: binadamu, dola, na mfumo wa dola nyingi zisizo na mkubwa wa kuziamulia. Yeye aliupa uzito mfumo. Viongozi huja na kuondoka, alisema kwa ufupi, lakini nchi zisizo na polisi juu yao zitaendelea kuogopana. Ana hoja nzito. Hata hivyo mfumo unaeleza kwa nini vita vinawezekana. Hauelezi kwa nini Tanzania na Uganda hazikupigana vita kamili Septemba 1972 zikaja kupigana Oktoba 1978, ilhali mpaka ni uleule, uhasama ni uleule, na marais ni walewale. Kwa swali hilo hatuna budi kurudi kwa watu.

Tuanze na Amin. Alijiunga na King's African Rifles mwaka 1946, akianzia jikoni. Baadaye alipenda kudokeza kwamba alipigana Burma, jambo lisilowezekana, maana Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka mmoja kabla hajavaa sare. Vita alivyovijua kwa macho yake ni operesheni za Waingereza dhidi ya Mau Mau nchini Kenya na misako ya wezi wa mifugo kwa Waturkana. Katika misako hiyo, mapema mwaka 1962, kikosi alichokiongoza kilituhumiwa kuua raia. Gavana wa Uganda, Walter Coutts, alitaka ashtakiwe. Uhuru ulikuwa miezi michache mbele, na Milton Obote, waziri mkuu, akashauri Amin akaripiwe tu. Miaka minne baadaye, Mei 1966, Obote huyohuyo alimtuma Amin kulivamia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, na mgogoro wa katiba ukamalizwa kwa mizinga.

Hii ndiyo shule aliyopitia. Kipo kitabu cha mwaka 2015 cha Michael Horowitz na wenzake wawili kilichopitia maisha ya viongozi wengi wa dunia na kuona kwamba waliowahi kuvaa magwanda bila kuonja mapigano ndio wepesi zaidi wa kuanzisha ugomvi wa kijeshi. Ukimchukulia juujuu, Amin anaivuruga hoja hiyo, kwa kuwa aliyaonja. Lakini mapigano aliyoyaonja yalikuwa ya upande mmoja: askari wenye bunduki za serikali dhidi ya wanakijiji, wafugaji, na walinzi wa kasri. Hakuwahi kukutana na jeshi linalorudisha mapigo kwa mizinga. Mtu aliyefundishwa na maisha kwamba ukipiga kwa nguvu upande wa pili hunyamaza, hana sababu ya kufikiria nini kitatokea usiponyamaza.

Nyerere wengi humkumbuka kama mtu wa amani, na wapo wanaomdhania kuwa alichukia nguvu. Hapana. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, na wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji walifanyia mazoezi yao Tanzania. Mwaka 1968 aliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, akienda kinyume cha OAU, kwa hoja kwamba dola haina haki ya kudai utii wa watu inaowaangamiza. Aliyeandika hoja hiyo hakuwa mtu wa kuona mipaka ni mitakatifu kuliko maisha.

Jambo lililomfunza zaidi, nadhani, ni aibu ya Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, rais akalazimika kujificha, na siku chache baadaye ikambidi awaite Waingereza, wakoloni wa jana, waje kuwanyang'anya silaha askari wa nchi huru. Alilivunja jeshi lote. Jeshi la Wananchi alilolianzisha Septemba mwaka huohuo lilifungamanishwa na chama, na makamanda wake walijua kwamba bunduki yao ni ya serikali ya kiraia. Tangu hapo Nyerere aliichukulia nguvu kama kitu kinachoweza kumgeukia mwenye nacho, kwa hiyo lazima kishikwe kwa mikono miwili.

Januari 1971 Amin alimpindua Obote, aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere alikataa kuitambua serikali mpya, akampa Obote hifadhi, na akakataa kukaa meza moja na Amin kwenye Mamlaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msimamo huo ulikuwa wa kimaadili na nauheshimu. Lakini ulikuwa na gharama ambayo waandishi wetu huipita haraka: kuanzia siku hiyo marais hawa wawili hawakuwa na njia ya kawaida ya kusemezana. Jumuiya yenyewe, iliyoundwa mwaka 1967, ilikwisha mwaka 1977, kwa sababu nyingi zikiwemo za uchumi na itikadi kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Ilipokufa, hata vikao vya maofisa vilivyowalazimisha kuonana vikafa nayo.

Kisha ikaja Septemba 1972. Wapiganaji wa Obote zaidi ya elfu moja walivuka kutoka Tanzania kuelekea Masaka na Mbarara. Mpango ulikuwa na sehemu ya angani: ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ichukuliwe kwa siri Dar es Salaam, ipitie Kilimanjaro kupakia makomando, iwashushe Entebbe. Rubani aliyepewa kazi hakuimudu. Ndege ilitua Kilimanjaro kwa kishindo na matairi yakapasuka. Mpango ukafia palepale kwenye njia ya kurukia, na waliovuka kwa miguu wakasagwasagwa. Amin akalipiza kwa kutuma ndege kuipiga Bukoba, kisha Mwanza, na Muammar Gaddafi wa Libya akamtumia askari.

Hapo Nyerere alikuwa na sababu ya kupigana kama angeitaka. Hakuitaka. Alipeleka kikosi mpakani, akaacha Siad Barre wa Somalia asuluhishe, na tarehe 5 Oktoba pande zote mbili zikakubaliana mjini Mogadishu kuondoa majeshi kilomita kumi kutoka mpakani na kuacha kusaidiana na maadui wa mwenzake. Tanzania iliuacha mpaka wa Kagera na walinzi wachache kwa miaka iliyofuata. Kwa Nyerere, uamuzi huo ulikuwa hesabu ya kawaida: jaribio limeshindwa kwa sababu lilipangwa vibaya, jeshi letu ni dogo, turudi nyuma. Amin alikuwa na kipimo kimoja tu cha mtu anayerudi nyuma. Mwaka huohuo wa 1972 alimtumia Nyerere ujumbe wa kumdhihaki kwamba angekuwa mwanamke angefikiria kumwoa, mvi zake zisingekuwa kizuizi. Watu walicheka, lakini dhihaka ile ilikuwa taarifa kamili ya jinsi alivyomsoma mwenzake.

Tofauti inaonekana ukimtazama Amin alipowageukia Wakenya. Februari 1976 alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, pamoja na sehemu ya kusini ya Sudan, kihistoria ni ya Uganda. Kenya ilikuwa na kitu ambacho Tanzania haikuwa nacho, yaani barabara, reli na bandari ya Mombasa, ambako ndiko mafuta na mizigo ya Uganda ilikopitia. Jomo Kenyatta hakuhitaji kupeleka kifaru hata kimoja Kampala. Wananchi waliandamana, serikali ikaonyesha kwamba inaweza kubana njia, na Amin akaanza kusema hakumaanisha vita. Alikuwa mwepesi wa kurudi nyuma pale gharama ilipoonekana mapema na kwa macho. Yaani ubabe wake haukuwa wazimu. Ulikuwa upimaji wa kina cha maji kwa mguu mmoja, na upande wa Tanzania kwa miaka sita mguu haukuwa umegusa jiwe.

Oktoba 1978 hali ndani ya Uganda ilikuwa mbaya. Makamu wa rais, Mustafa Adrisi, alikuwa ameumia vibaya kwenye ajali ya gari mwezi Aprili, na askari waliomuunga mkono walidhani haikuwa ajali. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka. Vikosi viliasi hapa na pale. Wanahistoria bado wanabishana kama Amin alitoa amri ya uvamizi tangu mwanzo, au askari walijitosa mpakani wenyewe, wengine wakisemekana kuwakimbiza waasi, wengine wakianzia kwenye ugomvi wa kawaida, na rais akavaa uamuzi uliokwisha kufanyika.

Ubishi huo ni muhimu kuliko unavyoonekana. Tunapozungumzia mtazamo wa kiongozi kuhusu nguvu tunakuwa na picha ya mtu mmoja ofisini anayetafakari. Lakini mtazamo haukai kichwani mwake tu. Unakaa kwenye jeshi alilolijenga, kwenye aina ya maofisa aliowapandisha vyeo, na kwenye mambo ambayo askari wa kawaida anajua hataadhibiwa akiyafanya. Kwa miaka saba jeshi la Uganda lilikuwa limeishi kwa kupora. Hata kama Amin hakuamuru, aliandaa jeshi ambalo halikuhitaji kuamriwa. Lilipoingia Kagera kwa wingi tarehe 30 Oktoba halikuenda kama jeshi linalotaka kushika ardhi na kuilinda. Liliua, likabaka, likaswaga ng'ombe kwa maelfu, likang'oa mabati kwenye nyumba, likapora kiwanda cha sukari, na sehemu kubwa ya mali ikapelekwa Uganda huku ulinzi wa eneo lenyewe ukisahaulika.

Halafu lipo Daraja la Kyaka. Ndege za Uganda zilishindwa kulivunja kwa mabomu, ikabidi atafutwe mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe aje kulilipua, na Novemba 3 likaangushwa mtoni. Makamanda wa Amin wakaona kazi imekwisha. Tazama fikra iliyopo hapo: daraja likivunjika, Watanzania hawatavuka, na wasipovuka watakubali. Hakuna aliyeuliza itakuwaje wakijenga jingine. Kabla Novemba haijakwisha wahandisi wa Jeshi la Wananchi walikuwa wameshatandika daraja la muda, na katikati ya mwezi Amin alikuwa ameshatangaza kwamba anaondoa askari wake, kama alivyozoea. Safari hii hakuna aliyemjali. Amin aliyetisha kila mwaka bila kutekeleza aliwafanya majirani wapuuze tishio la kweli, na ndiyo maana Tanzania ilikutwa usingizini; alipoahidi kuondoka, ahadi nayo ikapuuzwa.

Tanzania ilikutwa usingizini kweli, tusijisifu. Dar es Salaam ilichelewa kuamini taarifa za kutoka mpakani. Mwanzoni mwa Novemba walinda anga wetu waliangusha ndege tatu za jeshi letu wenyewe karibu na Musoma. Mabasi, malori ya mashirika ya umma na magari ya watu binafsi yalikusanywa kupeleka askari kaskazini. Jeshi lilipanuliwa zaidi ya mara mbili kwa kuingiza mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na magereza. Taifa lililoandaliwa kwa vita lisingefanya hivyo. Haya ni ya taifa ambalo rais wake aliamini vita vinaweza kuepukwa, kisha akaamua ghafla kwamba haviepukiki.

Na hapa ndipo mtazamo wa Nyerere unapohitaji kuchunguzwa kwa ukali uleule tuliomfanyia Amin. OAU ilituma wasuluhishi, na mwenyekiti wake, Jaafar Nimeiry wa Sudan, alihimiza mapigano yasitishwe. Nyerere alikataa usuluhishi uliomweka mvamizi na aliyevamiwa kwenye mizani moja. Alitaka Umoja umlaani Amin kwanza, na alitaka fidia. Walaumu wake walisema anafunga milango. Sidhani walikosea katika kuelezea alichofanya. Walikosea walipodhani hakujua anachofanya. Mogadishu ilimfundisha kwamba makubaliano na Amin yanadumu mpaka Amin atakapochoka nayo. Kwa hiyo safari hii aliamua kwamba tatizo ni mtu, na kama tatizo ni mtu, hakuna mpaka unaoweza kuwa mahali pa kusimama.

Hakufika hapo kwa siku moja. Lengo la kwanza lilikuwa kuirudisha Kagera. Januari 1979 jeshi lilivuka na kuichukua Mutukula, kwa sababu mwinuko wake uliipa mizinga ya Uganda nafasi ya kupiga ndani ya Tanzania. Askari waliokuwa wamepita kwenye vijiji vilivyochomwa vya Kagera walilipiza. Raia waliuawa, na mji ukasawazishwa kwa matingatinga. Nyerere alipopata habari alikasirika, akaagiza kwamba kuanzia hapo raia na mali zao wasiguswe. Amri ilisaidia kwa upande wa watu. Kwa upande wa majengo, Masaka na Mbarara, zilizochukuliwa mwishoni mwa Februari, zilibaki magofu, na sehemu ya uharibifu huo ilikuwa kisasi cha Bukoba na Kagera. Hata jeshi lenye nidhamu halipokei mtazamo wa amiri jeshi wake kama ulivyo. Njiani hupungua kidogo na kuongezewa kidogo.

Mpango wa Nyerere ulikuwa kuishia kwenye miji hiyo miwili, kisha Waganda walio uhamishoni wamalize kazi wenyewe. Hawakuwa na jeshi la kuimaliza. Kisha akaingia Gaddafi.

Kiongozi wa Libya alikuwa na mtazamo wa tatu kuhusu nguvu, ulio tofauti na wa hao wawili. Alikuwa na fedha za mafuta na silaha nyingi za Kirusi, na aliamini kwamba silaha hizo zikionekana tu zinatosha. Alipeleka maelfu ya watu, baadhi yao wanamgambo wasiojua wanakopelekwa. Pale Lukaya, Machi 10, kikosi chao chenye vifaru kiliitimua brigedi ya Tanzania iliyokuwa na vijana wengi wageni wa vita, na kwa usiku mmoja barabara ya Kampala ikawa na shaka. Waliibwaga nafasi hiyo wenyewe kwa kubweteka palepale. Brigedi nyingine ilizunguka gizani na alfajiri ikawapiga kutoka upande wasioutarajia. Baadaye Gaddafi akatoa muda: majeshi ya Tanzania yaondoke Uganda ndani ya saa 24 la sivyo Libya itaingia vitani, kana kwamba haikuwa vitani tayari. Ndege yake ya mabomu ilitumwa Mwanza kulipua maghala ya mafuta. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane. Nyerere alijibu redioni kwamba kuingia kwa Libya kunavipa vita ukubwa mwingine lakini hakubadilishi anavyomwona Amin.

Waliotoa vitisho, wa Kampala na wa Tripoli, walifanya kosa moja: walidhani upande wa pili unapima faida na hasara kila asubuhi, kwamba ukiuongezea hasara utaacha. Nyerere alishatoka kwenye hesabu hiyo tangu Novemba. Ndiyo hatari ya kiongozi anayechukia vita. Akishakubali kwamba hana njia nyingine, vitisho vya kawaida havimfikii tena, na anaweza kwenda mbali kuliko mbabe.

Wanaofundisha mambo haya hupenda mfano wa Oktoba 1962, John Kennedy na Nikita Khrushchev walipokaribia kuichoma dunia kwa sababu ya makombora ya Cuba. Makamanda wa Kennedy walitaka mabomu yaanze. Yeye akachagua kuzuia meli, hatua iliyompa Khrushchev muda wa kufikiri, kisha kwa siri akakubali kuyaondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki. Kila mmoja alirudi kwao akiwa na la kuwaambia watu wake. Funzo linalotolewa ni kwamba umwachie adui pa kupitia. Ni funzo zuri, ila lilikuwa na sharti: wote wawili waliamini kwamba mwenzake akiahidi atatimiza, angalau kwa sababu anaogopa kufa. Kati ya Dar es Salaam na Kampala imani hiyo haikuwapo.

Cha kuvutia ni kwamba Nyerere alimnyima Amin njia ya kisiasa ya kutokea lakini hakuwanyima askari njia ya kijeshi. Jeshi lilipoikaribia Kampala mwanzoni mwa Aprili, baada ya Entebbe kuanguka, barabara ya mashariki kuelekea Jinja iliachwa wazi makusudi. Walibya waliobaki waondoke nayo, mji usigeuke uwanja wa mapigano ya nyumba kwa nyumba, na Tanzania isijikute imewakamata mamia ya askari wa nchi ya Kiafrika yenye marafiki wengi. Kampala ilichukuliwa Aprili 10 na 11 kwa hasara ndogo. Amin naye alitorokea upande huohuo wa mashariki, kisha Libya, halafu Saudi Arabia, alikofia mwaka 2003 mjini Jeddah. Kufikia mapema Juni 1979 majeshi ya Tanzania yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan.

Kuhusu yaliyofuata nitakuwa mfupi, si kwa kuwa ni madogo. Yusuf Lule, aliyechaguliwa kwenye mkutano wa Waganda mjini Moshi mwezi Machi, alidumu madarakani miezi miwili na kidogo. Godfrey Binaisa, aliyemfuata, aliondolewa Mei 1980. Obote alirudi kwa uchaguzi wa Desemba 1980 ambao wapinzani wake waliukataa, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni. Tanzania, ambayo ilikuwa imetumia mamia ya mamilioni ya dola, haikupata wa kuilipa fidia wakati ule. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, ikaja foleni ya sukari, sabuni na unga. Vita havikuwa sababu pekee. Mafuta yalipanda bei mwaka huohuo wa 1979 na sera zetu za uchumi zilikuwa na ugonjwa wake wenyewe. Lakini kiongozi aliyeamua kwamba lengo lazima lifikiwe kwa gharama yoyote hakuwa na mtu wa kugawana naye gharama hiyo. Wala hakuwa amefikiria kwa undani uleule Uganda itatawaliwaje Amin akishaondoka. Uvumilivu aliouonyesha kabla ya vita haukuonekana katika kuandaa amani.

Julai 1979 viongozi wa OAU walikutana Monrovia. Nimeiry na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania kwa kuiangusha serikali ya nchi jirani, kitu ambacho katiba ya Umoja haikukiruhusu. Binaisa alisimama kuitetea. Wengi waliofurahi moyoni kwamba Amin hayupo walikaa kimya, kwa kuwa kila mmoja alijua na yeye ana jirani.

Sheria hatimaye ilibadilika. Katiba ya Umoja wa Afrika iliyopitishwa mwaka 2000 inaupa Umoja haki ya kuingilia kati nchi mwanachama panapokuwa na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kwenye karatasi, hoja ya Nyerere ya Biafra imeshinda. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo lilitaka kupeleka askari 5,000 Burundi, likasema serikali isipokubali litapendekeza kifungu hicho kitumike. Rais Pierre Nkurunziza alijibu kwamba Warundi watapigana na yeyote atakayevuka mpaka wao bila idhini. Haikuwa rahisi kujua kama anapiga mkwara. Mwishoni mwa Januari 2016 wakuu wa nchi walikutana Addis Ababa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujua. Waliamua kutuma ujumbe wa mazungumzo.